Vipande vya masikio vilivyoamua kundi la Jórunn

Ijumaa, tarehe 12 Septemba 2025. Bonde la Torfudalur, kaskazini mwa Iceland, limeamkia mvua iliyochanganyika na theluji. Upepo unavuma kutoka baharini, na milima imejifunika ukungu hadi magotini.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jórunn Ketilsdóttir, mwenye umri wa miaka 57, amesimama kwenye mlango wa banda lake la kondoo. Ana koleo mkononi lakini hachoti kitu. Anasikiliza.

Kondoo wake jike 180 na watoto wao wa msimu huu wamekusanywa tangu jana, wengine ndani, wengine kwenye zizi la nje. Wanatafuna. Mmoja anakohoa. Mwingine anajisugua ubavu kwenye nguzo, na Jórunn anaruka uzio mdogo kama msichana, anamshika kichwa, anamtazama machoni, anampitisha vidole mgongoni.

"Ni kupe tu," anasema, akiishusha pumzi aliyokuwa ameibana. "Ona nilivyokuwa! Miezi sita sasa sikio langu halisikii kitu kingine. Hata kanisani, mtu akijikuna shingo nageuka kumtazama."

Bintiye, Svala, aliyeomba likizo kazini mjini ili aje kusaidia, anatoka nyuma ya marobota ya nyasi kavu na kikombe cha kahawa.

"Mama, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wewe umekuja kugawa kondoo au kunihoji?"

Leo majibu yanasomwa. Mwezi wa sita, kila kondoo wa shamba hili la Melbrekka alitobolewa sikio kwa koleo dogo, na kile kipande cha nyama, kidogo kama punje ya mtama, kikaingia kwenye kichupa chenye namba sawa na ya hereni yake. Vichupa vikapelekwa maabara kusomwa vinasaba. Kondoo mwenye kinasaba cha kinga atabaki. Asiye nacho ataondoka kwenda kuuawa, na nyama yake haitafika sokoni.

Kinachosubiriwa ni iwapo watabaki wa kutosha. Jórunn amekwisha kumwambia bintiye kwamba wasipojaa hata upande mmoja wa banda, atazima taa za shamba ambalo ukoo wake umelilima vizazi sita, na atahamia mjini.

Ugonjwa wenyewe watu wa huku huuita riða, yaani kutetemeka. Huanza na kujikuna, kondoo akajisugua hadi manyoya yakatoka, kisha miguu ya nyuma ikalegea, kisha mwili wote ukatetemeka, kisha kifo. Hauna dawa wala chanjo. Hukaa ndani ya mnyama mwaka mzima au zaidi bila dalili, na udongo ulioshika uchafu wake unaweza kuutunza kwa miaka mingi. Kondoo aliye hai hapimwi akajulikana kwa hakika. Ubongo wake ndio husema, na ubongo hausemi mpaka mwenyewe amekufa.

Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi sheria ilikuwa moja: akipatikana mmoja, huuawa wote.

Jórunn aliiona sheria hiyo akiwa na miaka 13. Watu wenye bunduki walifika asubuhi kwenye shamba hili hili, na hadi jioni kundi la baba yake lilikuwa chini ya udongo. Mbao za banda zikachomwa moto. Baba yake, Ketill, alikuwa mtu wa kuimba kazini.

"Baada ya siku ile hakuimba tena," anasema Jórunn. "Kondoo walirudi baada ya miaka miwili, wa kununua. Alivyowalisha ungedhani analisha wageni. Wimbo haukurudi. Mama alikuwa anauomba kila jioni kwenye sala, 'Bwana, mrudishie Ketill sauti yake,' na baba amekaa pale pale anasikia."

Kisha, miaka michache iliyopita, watafiti waliokuwa wakisoma vinasaba vya kondoo wa Iceland, maelfu kwa maelfu, waliwakuta wachache sana wenye kinasaba ambacho wengi walidhani hakipo kabisa nchini. Kondoo mwenye kinasaba hicho, hata akichanganyika na wagonjwa, ni vigumu mno kuupata ugonjwa. Madume wa damu hiyo wakatunzwa kama mboni ya jicho, na mbegu zao zikasambazwa kwa wafugaji kwa uhimilishaji.

Jórunn aliposikia habari hizo redioni alisimamisha basi. Asubuhi na mchana yeye ndiye dereva wa basi la shule la bonde hili, maana kondoo peke yao hawajawahi kumlipia bili za majira ya baridi.

"Niliegesha pembeni nikalia," anasema. "Watoto wakaniuliza, 'Jórunn, nani amekufa?' Nikawaambia hajafa mtu, safari hii hajafa mtu."

Desemba iliyopita, alipandikiza mbegu hizo kwa kondoo wake wengi kadiri alivyoweza kuzipata. Hakuwa na habari kwamba hatari ilikwisha kulala bandani mwake.

Iliingia kwa njia ya wema. Oktoba mwaka jana, baada ya msako wa mwisho wa kondoo milimani, theluji ilishuka mapema. Jórunn aliwakuta kondoo watatu wamejibanza kwenye uzio wake wa mtoni. Alizipapasa alama za masikio yao kwa vidole, kama wafanyavyo watu wa huku hata gizani, akajua ni wa Steinar, jirani yake wa ng'ambo ya mto.

Katika bonde hili, kondoo aliyepotea hafukuzwi langoni. Unamwingiza, unamlisha nyasi zako, unampigia simu mwenyewe, wala hakulipi. Kumwacha nje mnyama wa jirani usiku wa theluji ni jambo ambalo wajukuu wako wangesimuliwa. Barabara ilikuwa imefungwa. Watatu wale wakala hori moja na kundi la Jórunn kwa siku tatu, hadi Steinar alipowafuata na gari, akamwachia Jórunn paja la kondoo la kukaushwa kwa moshi kama shukrani.

Februari, mmoja wa watatu hao alianza kujisugua kwenye nguzo kwa Steinar. Machi, ubongo wake ukasema. Kundi la Steinar halikuwa na kinga hata chembe. Liliondoka lote.

Daktari wa mifugo wa wilaya, Ragna, alipomuuliza Steinar kondoo wake walipita wapi, alijibu, "Mlimani na nyumbani." Hakumtaja Jórunn.

Jórunn alipopata habari za Steinar, alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba, kisha akainuka akampigia simu Ragna. "Watatu wake walilala kwangu," alimwambia. "Walikula na wangu."

Anakiri kwamba alijaribiwa. "Shetani alikuwa amekaa kwenye kile kiti pale," anasema akionyesha jikoni kwake. "Aliniambia, Jórunn wangu, nani atajua? Na kweli, hakuna ambaye angejua. Lakini kondoo wangu wangepanda mlimani majira ya joto, wachanganyike na wa bonde zima. Ningewezaje kusimama kanisani na watu ambao nimewawekea moto chini ya nyumba?"

Kesho yake Steinar alimpigia. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Ulikuwa na haja gani ya kusema?" aliuliza.

"Ulikuwa na haja gani ya kuficha?"

"Nilikuwa nakuokoa, mwanamke wewe!"

"Najua, Steinar wangu. Najua."

"Sasa mimi ni mwongo na wewe huna kundi. Umefurahi?"

Alikata simu. Tangu siku ile hajakanyaga uwanja wa Melbrekka. Watu wawili ambao kwa miaka thelathini walisaidiana kukata nyasi, sasa hupungiana mkono barabarani kama wageni.

Kwa kuwa wanakondoo wa mbegu za kinga walikuwa tumboni tayari, mamlaka zilimruhusu Jórunn azalishe, kisha wanyama wote wasomwe vinasaba, kwa sharti kwamba hakuna atakayevuka uzio. Ndiyo maana majira yote ya joto kondoo wake wamekaa nyumbani wakitazama mlima. Kwa kawaida, siku ya kuwafungulia, Jórunn huchora msalaba hewani juu ya migongo yao wanapopita langoni, kama alivyofundishwa na bibi yake. Mwaka huu aliuchora wakitoka bandani kwenda uani tu.

"Nikajiona mjinga," anasema. "Lakini nikasema, baraka haipimwi kwa urefu wa safari."

Saa nne asubuhi, Jórunn akiwa amekwisha kuwafikisha watoto shuleni na kumwachia dereva mwingine zamu ya mchana, gari la Ragna linaingia. Ni mwanamke mrefu, mcheshi, lakini leo hana mzaha. Anazamisha buti zake kwenye ndoo ya dawa, anafungua kishikwambi, na kuinua macho.

"Jórunn wangu, nianze na jumla au twende mmoja mmoja?"

"Usinitajie jumla. Mmoja mmoja."

"Itachukua mchana mzima."

"Nimewalea mmoja mmoja."

Kazi inaanza, kondoo wote wakiwa wamehamishiwa zizi la katikati. Svala anasoma namba ya hereni kwa sauti, Ragna anaitafuta kwenye kishikwambi, anasema "anayo" au "hana," na Jórunn anasukuma lango la kugawia. Kulia ni banda. Kushoto ni zizi la nje, ambako lori litakuja Jumatatu. Svala ameomba alishike yeye lango. Mama yake amekataa.

"Hili lango ni langu," amesema. "Mtu mwingine akilishika nitamchukia, na sitaki kukuchukia wewe."

Wakubwa wanatangulia. Hana. Hana. Hana. Lango linalia upande mmoja tu. Hili lilitarajiwa, kwa kuwa kinga iliingia kwa mbegu za mwaka jana, si kabla. Hata hivyo kila "hana" linamwinamisha Jórunn kidogo zaidi, kama mtu anayebebeshwa mizigo.

Zamu ya Dimma inafika. Ni kondoo jike mweusi mwenye miguu mirefu, wa ukoo wa wale viongozi ambao wafugaji wa huku huwafuga kwa ajili ya akili zao. Miaka miwili iliyopita, dhoruba ilipowafumania mlimani, Dimma ndiye aliyeshika njia mbele na kulirejesha kundi zima hadi mlangoni, Jórunn akiwa nyuma haoni hata mkono wake.

Svala anasoma namba. Ragna anakawia.

"Sema," anasema Jórunn.

"Hana, mpenzi."

Jórunn halisukumi lango mara moja. Anainama, anaweka paji la uso wake kwenye paji la mnyama, midomo inamtembea bila sauti. Kisha anafungua kushoto, na Dimma, kwa mazoea yake ya kutangulia, anatoka mbele bila kusukumwa, na waliokwisha kutolewa huko nje wanamfuata.

"Afadhali wana wa kuwaongoza," anasema Svala, kisha anajuta kulisema, anafuta pua kwa kiganja cha glavu.

Mchana kuna kahawa, mkate bapa na nyama ya moshi, na maandazi ya kusokota aliyoyaleta Ragna. Hakuna anayekula sana. Jórunn anamuuliza daktari jambo ambalo, anasema, amelielewa kwa kichwa lakini moyo bado.

"Hivi hicho kinasaba kinafanya nini hasa huko ndani?"

"Unafuma masweta, sivyo?" anasema Ragna. "Mwilini kuna protini ambayo kila kondoo anayo. Ugonjwa ni protini hiyo ikikunjwa vibaya. Na ubaya wake, iliyokunjika ikiigusa nyingine, nayo inajikunja vile vile."

"Kama fundo likikosewa, kila safu inayofuata inakwenda upande."

"Basi mwenye kinasaba cha kinga, uzi wake umesokotwa tofauti kidogo sana. Pahali pamoja tu. Ukijaribu kuukunja vibaya, unakataa."

Jórunn anatikisa kichwa polepole. "Pahali pamoja," anasema. "Baba angekuwa na pahali pamoja tu kwenye sikio la kondoo wake, angeimba mpaka leo."

Alasiri wanafika kwa wanakondoo wa uhimilishaji, na sasa lango linaanza kulia pande zote mbili. Anayo. Hana. Anayo. Anayo. Mbegu za baba mwenye nakala moja ya kinga huipitisha kwa takriban nusu ya watoto, Ragna alikwisha kuonya, na nusu hiyo haina mpangilio: pacha mmoja anaingia kulia, mwenzake anatoka kushoto, wakiitana kupitia mbao. Kwa kila "anayo" Jórunn anatupa jicho bandani, anapima kwa macho nafasi iliyobaki.

Kisha zinapita "hana" nyingi mfululizo, hadi Svala anaanza kuzisoma namba kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi.

Wakati huo ndipo Ragna anapoinua uso. "Kuna mtu langoni," anasema.

Ni Steinar. Amesimama nje ya uzio wa barabarani, kofia mkononi, theluji-maji ikimnyeshea upara. Haijulikani amesimama hapo tangu saa ngapi.

Jórunn anafuta mikono kwenye suruali, anatembea hadi katikati ya uwanja, anasimama.

"Umekuja kutuhesabu?" anaita.

"Nilikuwa napita tu."

"Barabara hii inaishia kwangu, Steinar. Anayepita hapa anakwenda wapi?"

Steinar anatazama buti zake. "Siwezi kuingia na hizi. Udongo wa kwangu."

"Ragna ana ndoo."

"Ndoo haitoshi."

"Ndoo inatosha," anasema Ragna kutoka mlangoni. "Mimi ndiye daktari, au umesomea usiku?"

Anaingia. Anazamisha buti mara mbili, kisha mara ya tatu bila kuambiwa. Anapofika karibu na Jórunn hakuna anayemshika mwenzake mkono. Wote wawili wanatazama zizi la nje, ambako wanyama wamejaa.

"Ningekuwa na akili," anasema Steinar, "ningewaacha wale watatu wafe mlimani."

"Na mimi ningekuwa na akili ningefunga mlango."

"Usingefunga."

"Nawe usingewaacha. Basi tuache kujisingizia akili ambayo hatuna."

Steinar anacheka, kicheko kinachovunjika katikati. Kisha anasema alichokuja kusema: amepata watu wa kununua shamba lake, watu wa mjini wanaotaka kujenga nyumba za mapumziko. Wamempa hadi mwisho wa mwezi awajibu. Banda lake limekwanguliwa hadi kwenye zege, na udongo wa mbele umechotwa, lakini haruhusiwi kufuga hata mmoja kwa muda mrefu bado.

"Na muda huo ukiisha, nitanunua wapi wenye kinga? Kila mtu anawataka. Nina miaka 61, Jórunn. Nikisubiri, nasubiri nini?"

Jórunn anamwonyesha lango. "Shika," anasema. "Mkono wangu umechoka."

Svala anamtazama mama yake kwa mshangao, kisha anasoma namba inayofuata. Ragna anajibu. Steinar anasukuma lango kulia. Namba. Kushoto. Namba. Kulia. Watu wanne, kazi moja.

Karibu na saa kumi na mbili jioni zizi la katikati liko tupu. Jórunn anaingia bandani peke yake, na wengine wanamsikia akitembea juu ya mbao za sakafu, polepole, kutoka mwisho hadi mwisho. Anapotoka macho yake ni mekundu.

"Sasa nitajie jumla," anamwambia Ragna.

"Majike 61. Na madume wa kuchagua."

Upande mmoja wa banda haujajaa hadi pembeni kabisa. Umebaki mwanya mwishoni, wa kutosha mtu kulala. Jórunn anautazama mwanya huo kwa muda, kama anayeuliza kama unahesabika.

"Inatosha," anasema hatimaye. "Namshukuru Mungu. Inatosha."

Hofu haijaisha. Ragna anasema wazi kwamba baada ya Jumatatu bongo zitapimwa, na majibu yake yatachukua wiki kadhaa. Ukipatikana ugonjwa, mbao za banda nazo zitang'olewa, na majira ya baridi yatakuwa magumu. Wanakondoo hawa hawatazaa hadi mwakani. Jórunn ataendelea kuendesha basi, na ameomba zamu ya kupika shuleni pia. Na hata waliobaki, anakumbusha daktari, kinga ni kinga, si ahadi.

Lakini Jórunn anamgeukia Steinar, ambaye bado ameshika lango ingawa hakuna wa kupita.

"Waambie watu wako wa mjini hapana."

"Rahisi kwako kusema."

"Si rahisi. Sikiliza nikuambie nitakachofanya, ndipo uwajibu." Anamwita Svala asogee. Anamwita Ragna aache kukusanya vifaa vyake. Anavua kofia, na wote wanaelewa kwamba si mazungumzo ya kahawa tena. Steinar naye anavua yake.

"Ragna, wewe ni shahidi. Svala, wewe ndiye utakayerithi, kwa hiyo linakufunga nawe, sema kama hutaki."

"Nataka, Mama. Sema."

Sauti ya Jórunn inafika hadi zizi la nje.

"Steinar, siku banda lako litakaporuhusiwa, na daktari akisaini, utakuja hapa kabla sijachagua hata mmoja wa kwangu. Utapita kati yao, utachukua majike ishirini wenye kinga na dume mmoja, wale wazuri, si mabaki. Hutanilipa mpaka wamekuzalia. Na nikiwa nimekufa, binti yangu atakufungulia lango. Nimesema mbele ya hawa, na mbele za Mungu aliye hai."